Barua ya Wazi kwa Bodi ya Hospitali: Niwekeeni Slaidi Mezani

Ujiji, Kigoma

Kwa Mwenyekiti wa Bodi,
Kwa Mganga Mfawidhi,
Kwa Katibu wa Afya,

Waheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUREJEA KAZINI BAADA YA KUUGUZA MZAZI, NA BARUA TATU AMBAZO HAZIJAJIBIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia kwa heshima, na nawaandikia hadharani kwa sababu milango ya ndani nimeibisha yote. Barua ya kwanza niliikabidhi masjala Septemba 2024, ya pili Januari 2025, ya tatu Julai 2025. Nakala zote ninazo, kila moja ina mhuri wa kupokelewa. Nimeambiwa faili liko kwa mkubwa. Nimeambiwa nipite Jumatatu, na Jumatatu nimepita.

Jina la hospitali silitaji. Wenyewe mnajijua, na sina nia ya kuchafua mahali nilipojifunzia kazi na walipozaliwa watoto wangu wote wawili. Ila jambo hili limeshanizidi mimi. Tangu nianze kulisema nimekutana na mwalimu kutoka Kasulu, mhasibu wa Mwanga na wauguzi wawili wa Uvinza waliokwama palepale nilipokwama. Waliacha kazi kwa ajili ya mgonjwa au mtoto, sasa nyumbani kumetulia, na kila wanakopeleka barua wanaulizwa walikuwa wapi.

Kwa wajumbe wa Bodi ambao hawanifahamu: mimi ni mteknolojia wa maabara. Nilianza kazi kwenu Aprili 2005 nikiwa na umri wa miaka 24 na diploma mkononi. Nilikaa miaka 11. Sikuwahi kupewa barua ya onyo. Machi 2016 niliandika barua ya kuacha kazi, na sababu niliiandika humo waziwazi.

Januari mwaka huo mama yangu alianguka uani akianika dagaa. Kiharusi kilimlaza upande wote wa kulia na maneno yakamwisha kinywani. Alikuwa ananielewa, akitaka kujibu inatoka silabi moja tu. Kaka zangu wako mbali na wana familia zao. Mtoto wa kike ni mimi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kama ilivyokuwa siku ile, ilimpa mfanyakazi siku nne za malipo mtoto wake akiugua, na siku hizohizo akifiwa na mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye. Mzazi kuugua hakumo. Yaani mama angekufa ningepata siku nne. Kwa kuwa alikuwa hai na hajiwezi, sikuwa na hata moja. Niliomba likizo bila malipo ya miezi sita. Nilijibiwa kwa mdomo kwamba utaratibu huo hospitali haina. Likizo yangu ya mwaka, siku 28, nilikuwa nimeshaimaliza hospitalini nikilala chini ya kitanda chake. Ndipo nikaandika ile barua.

Nilimuuguza miaka minane. Kumgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili asitoke vidonda vya mgandamizo, na katika miaka hiyo minane alitoka kimoja tu, kisigino cha kulia, kikapona. Uji kwa kijiko kidogo, kichwa kikiwa kimeinuliwa, nikisubiri ameze kabla ya kijiko kingine, maana ukiharakisha unaingia njia ya hewa. Presha nilimpima asubuhi na jioni na kuiandika kwenye daftari. Madaftari yamefika tisa. Daktari wa kliniki aliyekuwa akimwona alizoea kuniambia nimsomee kwanza daftari ndipo amguse mgonjwa. Mama alifariki Juni 2024, usingizini, nyumbani kwake.

Leseni yangu ya Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya sikuiacha ife. Kuna mwaka niliuza kuku kulipia ada. Mafunzo ya kujiendeleza nilihudhuria kila nilipopata wa kuniachia mama kwa siku mbili. Nayasema haya mapema kwa sababu kwenye usaili sikupewa nafasi ya kuyasema.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Niliulizwa nyumbani kwangu, sikuulizwa kazi.

Usaili wa kwanza, Novemba 2024, ulikuwa na watu wanne upande wa pili wa meza. Swali la kwanza: "Hiyo miaka minane ulikuwa unafanya nini?" Nikajibu. La pili: "Sasa mama ameshatangulia, wazazi wa mume je, wazima?" La tatu: "Na wewe bado unazaa?" Hakuna aliyeniuliza namna ya kupaka slaidi nene, yaani tone nene la damu kwenye kioo cha hadubini, wala ninafanya nini damu ya kuongezewa ikigoma kulingana na ya mgonjwa usiku wa manane na mama mzazi anavuja. Nilitoka pale nikiwa nimepimwa kama mkwe.

Sheria hiyohiyo ya 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya kifamilia, na umri nao umetajwa. Kifungu hicho kinamhesabu mwombaji wa kazi kuwa mfanyakazi kwa jambo hili. Waheshimiwa, maswali mawili kati ya yale matatu hayakupaswa kutoka mdomoni mwa mtu yeyote aliyekaa pale kwa niaba yenu. Na hakuna mwanamume niliyemuuliza, katika waliosailiwa siku ile, aliyeulizwa habari za wakwe.

2. Tangazo lenu linatufungia mlango kabla hatujafika.

Tangazo linataka "uzoefu wa miaka miwili ndani ya miaka mitatu iliyopita" na wadhamini wawili waliomsimamia mwombaji ndani ya muda huo. Mkuu wa maabara aliyenisimamia miaka 11 amestaafu, yuko Gungu, anapokea simu, na yuko tayari kuandika. Niliambiwa hafai, ni wa zamani. Kijana aliyetoka chuoni hadaiwi uzoefu huo kwa sababu yeye ana sehemu yake kwenye tangazo. Aliyeko kazini anao. Anayebaki nje ni mmoja tu: aliyewahi kufanya kazi, akasimama, akarudi.

3. Miezi mitano ya kujitolea.

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo panaponiuma.

Februari 2025 niliitwa. Nikaambiwa nafasi kwa sasa haipo, ila nikijitolea miezi mitatu "kurudisha mkono", ikitokea nafasi nitafikiriwa wa kwanza. Nilikubali. Nilitaka kurudi. Sikupewa karatasi yoyote, wala nauli. Nilipewa koti na kuingizwa kwenye ratiba ya zamu kama mwajiriwa. Miezi mitatu ikawa mitano. Zamu za usiku nilizofanya ni 31, nilizihesabu kwa sababu kila moja nililipa bajaji kutoka mfukoni.

Nitasimulia moja. Mwezi wa Aprili, saa nane usiku, aliletwa mtoto wa miaka mitatu kutoka Kibirizi, homa kali. Kipimo cha haraka cha malaria kikasoma anayo. Mama yake akasema mtoto alimaliza dawa mseto wiki mbili zilizopita. Sasa, kipimo cha haraka kinatafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kufa. Kikisema anayo, kinaweza kuwa kinasoma malaria ya juzi. Nikapaka slaidi nene, nikaipiga rangi ya Giemsa, nikakaa kwenye hadubini. Nikasoma uwanja mmoja mmoja, yaani kila eneo linaloonekana kwa jicho la hadubini, hadi mia. Hakuna kimelea. Nikamfuata tabibu wa zamu, nikamwomba mkojo wa mtoto. Ulikuwa umejaa chembe za usaha, dalili ya maambukizi ya njia ya mkojo. Mtoto alitibiwa ugonjwa aliokuwa nao, na siku ya tatu alikuwa anakimbizana na wenzake varandani.

Sikufanya muujiza. Ndiyo kazi yenyewe, na yeyote anayeijua angefanya hivyo. Lakini nauliza: mkono uliofanya hivyo ulikuwa unahitaji kurudishwa kutoka wapi?

Utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulikuta mkoa wetu una maambukizi ya asilimia 24 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, juu ya mikoa mingine yote ya bara. Mkoa wenye historia hiyo unamhitaji kila mtu anayeweza kusoma slaidi saa nane usiku bila kubahatisha.

Juni nafasi ilitangazwa. Niliomba. Akachukuliwa kijana aliyemaliza chuo mwaka uliotangulia, ambaye katika miezi ile mitano nilikaa naye benchi moja nikimwonyesha namna ya kuhesabu vimelea dhidi ya chembe nyeupe za damu 200. Simlaumu hata kidogo, na namtakia heri. Ni mpole na anajifunza haraka. Lawama yangu ni kwenu. Mliniamini vya kutosha kuniachia maabara nzima peke yangu usiku, na vya kutosha kumfundisha mwajiriwa wenu, lakini si vya kutosha kunilipa.

4. Miaka 11 imefutwa.

Niliambiwa na ofisi ya utumishi kwamba hata nikiajiriwa nitaanza ngazi ya chini kabisa ya mshahara, kama mtu aliyetoka chuoni jana. Pia nina michango ya miezi 132 kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Pensheni inataka miezi 180. Zimebaki 48, miaka minne tu ya kazi, ili uzee wangu uwe na kitu. Miezi mitano ya kujitolea haikuongeza hata mmoja.

5. Hamjibu.

Barua tatu, majibu sifuri. Hata "hapana" yenye sababu ningeipokea, ningejua pa kuelekea.

Sasa najua mtakayosema, kwa sababu mengine nimeshayasikia kwenye korido.

Mtasema teknolojia imebadilika. Ni kweli. Mashine mpya ya kuhesabu chembe za damu ilinichukua siku tatu kuizoea. Mfumo wa kuingiza majibu kwenye kompyuta ulinichukua wiki mbili, na wiki hizo mbili nilikuwa naandika kwanza pembeni nisikosee jina la mgonjwa. Baada ya hapo sikumuuliza mtu. Yaliyobadilika yana mwongozo na yanafundishika. Yasiyobadilika, jicho kwenye hadubini na subira ya kufika uwanja wa mia, hayapatikani kwa wiki mbili, na hayo ninayo tayari.

Mtasema miaka minane ni mingi mno. Sisi wa Kigoma tunaijua meli ya Liemba. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, na kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka injini zake grisi nzito. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikarudi ziwani kubeba watu, ikaendelea kwa miaka mingi hata bibi zetu wakasafiri nayo. Walioiibua waliifungua injini, wakaikagua, ndipo wakaamua. Nami nilipaka grisi: leseni hai, mafunzo, madaftari tisa. Ninachoomba ni ukaguzi. Chukueni slaidi ishirini ambazo majibu yake mnayajua, niwekeeni mezani na hadubini na saa ya ukutani, na akae mtu wa nje kusimamia. Nikishindwa, nitawaandikia barua nyingine ya wazi kusema mlikuwa sahihi.

Mtasema vijana wamejaa mtaani bila ajira. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, mwanangu wa kwanza yuko chuo na hofu hiyo naijua kwa jina. Lakini kijana wa leo naye ana mama. Siku mama yake atakapoanguka uani, mtamfanyia hivihivi mlivyonifanyia. Kutupanga foleni moja tugombanie koti moja jeupe ni njia ya kutusahaulisha kwamba ratiba yenu ya zamu ina mapengo, na mapengo hayo nimeyaziba mimi bure tangu Februari hadi Juni.

Mtasema nitaondoka tena. Mtu yeyote anaweza kuondoka. Katika miaka 11 niliona wenzangu wakienda Dodoma na Mwanza kufuata mshahara, na hakuna aliyewekewa alama. Mimi nina miaka 44, nyumba yangu iko Ujiji, na makaburi ya wazee wangu yako Ujiji.

Mtasema niombe serikalini. Matangazo ya ajira serikalini huweka ukomo wa miaka 45 kwa mtu ambaye hayumo kwenye utumishi. Mwezi wa nne mwakani naitimiza. Mnaelewa basi kwa nini sina tena Jumatatu za kupoteza.

Bajeti sitaijibu. Nafasi mliitangaza wenyewe na mkaijaza.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, naomba mambo yafuatayo, na nayaomba pia kwa niaba ya wale wanne niliowataja na wengine ambao wameona aibu kuandika.

(a) Nipewe mtihani wa vitendo ndani ya siku 30, na uamuzi juu yangu utokane na mtihani huo.

(b) Sharti la "ndani ya miaka mitatu iliyopita" liondolewe kwenye matangazo. Mahali pake pawekwe leseni hai na mtihani wa vitendo kwa kila mwombaji, awe kijana au mtu mzima. Mdhamini wa zamani akubaliwe ikiwa ndiye aliyemsimamia mtu kwa muda mrefu.

(c) Anayerudi baada ya kuuguza au kulea apewe wiki sita za kujikumbusha chini ya mkuu wa maabara au wodi, zenye mkataba ulioandikwa na malipo. Kujitolea kusikokuwa na karatasi kukomeshwe. Kama mtu anaaminika kuachiwa wagonjwa, anastahili kulipwa.

(d) Miaka ya utumishi wa nyuma ihesabiwe katika kupanga mshahara. Siombi mnilipe ile minane ya kumuuguza mama. Naomba msinifutie ile 11.

(e) Utaratibu wa likizo bila malipo kwa mfanyakazi anayeuguza mzazi au mwenza uandikwe, hata wa miezi sita tu. Sheria imeweka kiwango cha chini. Hakuna inayowakataza kutoa zaidi. Ningekuwa na miezi sita ile, ningepata mtu wa kunisaidia, ningepanga zamu, na huenda nisingeacha kazi kabisa. Nimelifikiria hili usiku mwingi. Miaka minane yote ilitokana na miezi sita niliyonyimwa.

(f) Wanaokaa kwenye meza ya usaili wapewe maelekezo ya maandishi kuhusu maswali wasiyoruhusiwa kuuliza.

(g) Nijibiwe kwa barua.

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi naijua ilipo, na najua mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unapelekwa huko ndani ya siku 60. Tangu mlipokataa ombi langu la karibuni, siku zinahesabika. Sijaenda, kwa sababu bado nataka kufanya kazi na ninyi, na ni vigumu kumpa mtu mkono asubuhi mliyetazamana barazani jana yake. Lakini siku zikielekea kwisha nami bado nasubiri mhuri, nitakwenda, na nitakwenda na nakala zangu zote.

Nilipokuwa nafanya zile zamu za usiku, kiti cha hadubini kilikuwa kimelegea mguu mmoja, nikakifunga kwa kitambaa. Wiki iliyopita nilimpeleka jirani yangu kupima damu, nikachungulia dirishani. Kitambaa changu bado kipo.

Nasubiri barua yenu. Namba yangu ya simu iko kwenye faili, ukurasa wa kwanza, haijabadilika tangu 2009.

Wenu katika kazi,

Mteknolojia wa maabara,
Ujiji, Kigoma